Chumvi ya Vidole Vitatu

Hapo zamani, enzi za masultani waliokuwa na amri nyingi kuliko watu, alikuwako bwana mmoja akiitwa Faki, hana mbele wala nyuma, kanzu yake moja, akiifua anashinda ndani. Watu walimwita mpumbavu, naye hakuwabishia. Aliyemlea ni shangazi yake, Bi Mize, mpishi wa Sultani Mbaruku kwa miaka thelathini.

Siku moja Sultani akaona mchuzi umezidi chumvi, au pengine ulimi wake ndio uliokuwa na ila, mimi sikuwapo. Basi akamwita Bi Mize, akamwuliza, "Umetia chumvi kiasi gani?"

"Kidogo tu, maulana. Ya vidole vitatu, kama kawaida."

Lo! Sultani akaruka. "Kidogo! Kama kawaida! Mji mzima hauna neno lingine! Ukimwuliza fundi, atakwambia siku mbili tatu hivi! Tangu leo kila kitu kihesabiwe. Nawe Mize, Ijumaa uniambie mchuzi wangu wataka punje ngapi za chumvi. Ukishindwa, uhame mji wangu."

Bi Mize akarudi nyumbani analia. Ahamie wapi na uzee ule? Faki akamwonea uchungu. Akasema, "Nyamaza, shangazi. Ijumaa mpishi ni mimi."

Ikawa Ijumaa, Faki akateleka chungu cha mchuzi wa samaki barazani, mbele ya Sultani mwenyewe, akaketi na bakuli la chumvi, akawa anahamishia punje katika kisahani, moja moja. "Moja. Mbili. Tatu." Adhuhuri ikapita. Mchuzi ukanukia baraza zima, tumbo la Sultani likanguruma, na kila alipounyoshea mkono mwiko, Faki akamzuia kwa adabu.

"Bado, maulana. Mia tisa na sita. Hii imevunjika, niihesabu nzima au nusu?"

"Nzima!"

"Na huu unga uliobaki kidoleni?"

Mara pilipili ya mchuzi ikampanda Faki puani, akapiga chafya ya haja, na chumvi yote ikatawanyika mkekani. Faki akapangusa pua, akavuta kisahani. "Moja," akasema. "Mbili."

"Ewe mtu!" Sultani akapiga kelele. "Tia kidogo tu, tule!"

Faki akainama. "Maulana, naogopa kuvunja amri yako. Kidogo ni punje ngapi?"

Sultani akaangua kicheko hata kilemba kikamwanguka. "Umeniweza, Faki! Mwiteni Mize, aje na vidole vyake!"

Bi Mize akaja, akatia chumvi bila hata kutazama. Sultani akala, akajilamba vidole, akasema hakuna tena wa kumhamisha Mize. Akaamuru Faki apewe mchele.

Mtunza ghala, maskini, alikuwa bado anaiogopa ile amri. Akauliza, "Kiasi gani, maulana?"

"Kidogo," akajibu Sultani. "Apime Mize."

Basi Bi Mize akaingia ghalani, akakunja mikono ya kanzu, akampimia mwana wa kaka yake kidogo tu, kwa mkono wake mwenyewe. Na punda wa kuuchukua mchele ule akaenda na kurudi mara saba.