Nyumba Mpya ya Bi Sikudhani

Ajengewaye bila kuulizwa ni mgeni kwake. Mmeusikia usemi huu leo kikaoni, mkataka kujua nani aliusema kwanza. Kaeni niwaambie, maana nilikuwepo, na nyumba yenyewe niliijenga mimi kwa mikono hii.

Hapa Soni palikuwa na mjane mmoja, Bi Sikudhani, aliyepofuka utu uzimani. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, vyumba vitatu, lakini humo ndani hakuhitaji kushikwa mkono. Alijua ni hatua saba kutoka kitandani hadi jikoni. Alipika, alifua, alichambua maharage, na wageni wengine waliondoka bila kujua kwamba haoni.

Mwanawe, Shebughe, alipofanikiwa mjini alitaka mama akae pazuri. Akamleta msanifu majengo, kijana hodari aitwaye Elisante. Elisante alikuja mara nne. Alipima mteremko, akatazama jua linachomozea wapi, akakaa na Shebughe wakichagua madirisha. Kila alipokuja, Bi Sikudhani alimpelekea chai kibarazani bila kumwaga hata tone. Elisante alishukuru, akarudi kwenye michoro yake. Shebughe naye hakumtajia habari ya macho. Alikuwa amezoea kumwona mama akijiweza, hata akasahau.

Ramani ilipendeza. Sebule ilishuka ngazi tatu, jiko likapanda mbili, na katikati ukumbi mpana usio na ukuta wa kushika. Nilipoiona nilisita. Nikasema moyoni, wasomi wanajua. Nikanyamaza. Tukaibomoa nyumba ya udongo, tukajenga mpya palepale.

Siku ya tatu baada ya kuhamia, Bi Sikudhani alianguka ngazini, akavunjika nyonga.

Alipotoka hospitali, Elisante alikuja kumjulia hali. Nami nilikuwepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Elisante, mama. Yule msanifu."

Akamnyooshea mkono. Mkono ukabaki hewani, haukupokewa. Ndipo alipomtazama vizuri usoni.

"Mama, huoni?"

"Mwaka wa kumi na mmoja huu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza kitu, mwanangu. Mara nne nilikuletea chai, mara nne ukasema asante."

Elisante akaketi sakafuni. "Nitaibadilisha, mama. Ngazi zote nitaziondoa."

"Ziondoe. Mimi sitasimama tena. Nyumba ile niliyokuwa naijua, unaweza kunirudishia?"

Kijana aliinamisha kichwa. Mimi pia nilitazama chini.

"Basi niitieni mtu anipeleke chooni," akasema Bi Sikudhani. "Ajengewaye bila kuulizwa ni mgeni kwake. Na mgeni ndiye anayeonyeshwa choo."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angetutukana.

Aliishi miezi mitano zaidi, kiti kimoja, dirisha moja kubwa lenye mandhari asiyoyaona. Elisante alihudhuria maziko, akasimama nyuma kabisa, kisha hatukumwona tena huku. Nyumba imefungwa hadi leo. Shebughe haiuzi wala haiingii.

Watu hulaumu kijana wa watu. Lakini yeye hakujua. Mimi nilijua, nikashika mwiko na pimamaji, nikajenga. Kwa hiyo mkinisikia nausema, jueni najisema mwenyewe: ajengewaye bila kuulizwa ni mgeni kwake.