Mpira wa Matambara

Sogeeni, wanangu, na atakayelia alie kimyakimya.

Palikuwa na binti, Chausiku, aliyefiwa na mama yake. Baada ya arubaini wenzake wakamwita kucheza. Mpira wao ulikuwa wa matambara. Kila mtoto alileta lake, na asiyeleta hachezi. Walirushiana ovyo, yeyote kwa yeyote, na aliyepigwa alitoka.

Chausiku hakuwa na tambara. Akachukua kipande cha sanda kilichobaki siku ya maziko, akakifunga humo.

Mpira ukampiga Zamoyo. Ukasema, "Si wewe." Zamoyo akatoweka! Ukampiga Siwema. "Si wewe." Akatoweka! Ukampiga Mwanasiti. "Si wewe." Akatoweka naye! Ukawamaliza wote, ila Chausiku. Hakuna aliyejua kukwepa kama yeye.

Sasa mpira ukawa unajirusha wenyewe, naye anakwepa, mpaka akaitambua ile sauti.

"Mama, ni mimi! Warudishe wenzangu."

"Huku nilipo sioni, mwanangu, napapasa tu. Mbona unanikwepa?"

Chausiku akasimama, akakunjua mikono.

Wenzake wakarudi wote. Yeye hakuonekana. Mpira ulikuwa chini, umefumuka, sanda haimo.

Jioni baba yake akaja kumwita akale. Watoto wakamsimulia huku wanalia. Kisha kila mmoja akaokota tambara lake, akaenda kwao. Baba akatafuta la mwanawe, asilione. Akabaki uwanjani na kamba ya mpira mkononi, anaikunja, anaikunjua, anaita.