Upanga wa Shoguni Kagemune

Sogeeni, wenzangu, ngano imeiva. Hapo kale, ndugu walipokuwa wakichinjana katika nchi ya Japani, alikuwako jemadari mkuu, yaani shoguni, jina lake Kagemune. Zimwi la mlimani lilimpa upanga, likamwonya, "Ukiuchomoa, haurudi alani bila kunywa damu."

Akauchomoa mtoni, maji yakawa mekundu. Akauchomoa ngomeni, vichwa vikabiringika ngazini. Akauchomoa mara ya tatu mbele ya adui wa mwisho, Toramitsu, mdogo wake wa tumbo moja.

Toramitsu akatupa mkuki, akapiga magoti. "Kaka, nimeshindwa. Nimechoka kuzika watu."

Kagemune alitaka kumwinua, lakini upanga ukamvuta mkono kuelekea shingo ya nduguye. "Nipe damu!" ukanguruma.

"Basi kunywa yangu!" Kwa mkono wa kushoto akachomoa jambia, akaukata wa kuume kwenye kifundo. Kiganja kikaanguka kingali kimeushika upanga. Ukakinyonya hadi mfupa, ukapasuka vipande vipande.

Toramitsu akalia, akararua vazi lake, akamfunga kaka yake jeraha. Majeshi yote mawili yakatazama, kisha askari mmoja mmoja wakaweka silaha chini.

Ngano yangu imelala hapo. Nanyi mlale salama.