Kilio cha Pimbi wa Pili

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo sauti gani? Mnaogopa nani? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, majabalini, palikuwa na pimbi mapacha, Chengo na Tsuma. Walifanana ukucha kwa ukucha. Walilia kilio kimoja: Kwii! Kwii! Maana yake: tai huyo, kimbilieni pangoni!

Lakini desturi ya majabali, mlinzi ni mmoja. Chengo alitangulia kuzaliwa kwa pumzi mbili tu, akapewa kilele. Tsuma akaenda kwa mkuu wa ukoo.

"Shikamoo, babu. Nami najua kulia."

"Marahaba. Sori, mjukuu, nafasi imejaa. Subiri, tutakuita."

Akasubiri. Masika yakaja, yakapita. Kiangazi kikaja, kikapita. Aliitwa? Wapi! Kila asubuhi alisikia kwii ya nduguye huko juu, koo likamwasha kwa hamu. Akawa analia peke yake pangoni, hana wa kumsahihisha. Sauti ikapinda. Ikapinda tena. Ikawa nzito: Ngroo!

"Tsuma, umemeza jiwe?" watoto wakamcheka.

Siku moja ya mvua, chatu akapenya pangoni kwa ufa wa chini. Nyaa, nyaa, nyaa. Watoto wamelala. Chengo yuko kileleni, macho angani. Tsuma akamwona chatu. Akakaza koo alie kwii, kile kilio alichokitamani miaka yote. Ikatoka Ngroo! Ngroo!

Pango likatetemeka. Watoto wakadhani jabali linapasuka, wakatoka nje mbio, pukupuku! Kwii ingewasukuma ndani, kinywani mwa chatu.

Mkuu akaja, kichwa chini. "Mjukuu, tumekuita. Juu, juani, ni Chengo. Chini, mvuani, ni wewe."

"Kumbe mlitaka nidhaminiwe na chatu!" Tsuma akamjibu. Lakini kazi akaichukua.

Tangu hapo mmoja akilia, mwenzake kimya. Siku moja Chengo akashuka kumwona Tsuma.

"Ndugu yangu, tulie pamoja, kama enzi za kunyonya."

Kwii! Ngroo! Wakajaribu tena. Kwii! Ngroo!

Mama yao, aliyekuwa ndani ya pango, akatega sikio. "Chengo, huyo mwenzio ni mtoto wa nani?"

Tsuma akarudi chini kwenye ufa wake.

Enyi wadogo kwa wakubwa, mnaowaambia wenzenu "subirini": anayeachwa bila kazi hubadilika. Huenda akapata kazi yake. Sauti yake ya kwanza hamtamrudishia.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa pango. Mwenye masikio aondoke nayo.