Kiboko Aenda Kisiwani Kupiga Mbizi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa pakavu?
Pakawa maji tele.
Haya, kunjeni nguo, tuingie.

Hapo kale, kwenye mlango wa mto mmoja, aliishi Kaa. Nyumba yake ilikuwa shimo chini ya mikoko. Maji yakijaa, majirani walibishiana hodi kwa magando, to-to-to. Maji yakipwa, wote walitoka kuota jua topeni na kuulizana habari. Kaa alizaliwa hapo, akaolewa hapo, akazaa hapo.

Siku moja akaja Kiboko. Akasema, "Nimekuja kupumzika kidogo."

Akapumzika kidogo masika, akapumzika kidogo kiangazi. Alipolala, alilalia mashimo ya watu. Alipotembea, puchu, nyumba ya mtu. Puchu, nyumba ya mwingine. Kaa wote wakatawanyika. Yule wetu akawapakia wanawe mgongoni, akadandia gogo, na mkondo ukawatupa kwenye kisiwa kidogo baharini.

Kisiwa kilikuwa kizuri, hilo hakulikana. Lakini mchanga wake ulibomoka kila alipochimba, na hapakuwa na wa kumbishia hodi. Akazoea hivyo hivyo. Wanawe wakakua, wakausahau mto.

Asubuhi moja bahari ikavimba, bwaaa, kikatoka kichwa alichokijua Kaa.

"Bi Kaa," alisema Kiboko. "Kumbe uko huku."

"Niko, bwana mkubwa. Karibu."

"Nimeuchoka mto. Mnandi, yule ndege mzamiaji, kaniambia likizo ni kupiga mbizi, na mbizi ni kisiwani. Nimekuja kupaangalia. Pakinifaa, nitapumzika kidogo."

Kaa aliposikia "nitapumzika kidogo", aliwatazama wanawe. Nyuma ya kisiwa hapakuwa na kisiwa kingine.

"Zama, bwana, ujionee," akasema.

Kiboko akazama, chubwi. Bulu-bulu-bulu. Akaibuka, pwaaa.

"Maji yanaonyesha mpaka chini. Samaki wa kila rangi. Panafaa, sivyo?"

"Panafaa sana," alisema Kaa. "Maji maangavu. Si kama ya kwetu, ukizama hata pua yako huioni."

"Kweli," Kiboko akacheka. "Kule nikizama, hakuna anayejua niliko."

"Hata mkeo."

"Hata mke wangu."

Akaenda upande wenye matumbawe. Chubwi. Bulu-bulu-bulu. Pwaaa. Aliibuka anajikuna tumbo, macho mekundu kwa chumvi.

"Yanakwaruza kidogo, lakini ni marembo. Panafaa, sivyo?"

"Panafaa, bwana. Ni ugumu tu. Si kama tope la kwetu, lile jeusi la chini ya mikoko. Ukilala linakupokea."

"Lina vuguvugu," alisema Kiboko.

"Asubuhi lina vuguvugu. Na mvua ya kwanza ikinyesha..."

"Linanukia," alimalizia Kiboko.

Kaa alikuwa ameyatafuta maneno hayo ili amwondoe mgeni, na sasa yalimrudisha yeye mwenyewe mtoni. Alisikia hodi za majirani, to-to-to, kana kwamba wako mlangoni.

Safari hii Kiboko hakuzama. Alisimama tu majini, akauliza kwa sauti ndogo, "Na majani ya hapa?"

"Yapo. Yana chumvi. Yale ya ukingoni baada ya masika hapa hayaoti." Kaa akajikaza, akauliza taratibu, "Bwana mkubwa, lile dimbwi lako la konani, sasa analala nani?"

"Halali mtu. Ni langu."

"Ahaa. Haya."

"Haya nini?"

"Haya tu, bwana. Dimbwi zuri vile, na halali mtu."

Kiboko akatazama alikotoka. Akatazama matumbawe. Masikio yakamchezacheza.

"Kisiwa hiki hakinifai," alisema. "Kizuri, lakini hakinifai." Akageuka, kisha akasita. "Bi Kaa, nawe ni mtu wa kule. Panda mgongoni, wewe na wanao. Twende kwetu."

Kaa alisogea mpaka maji yakamfika magotini. Mgongo ule ulikuwa mpana, na mkondo ulikuwa ukielekea mtoni. Alitamani. Lakini aliiona pia ile miguu minne chini ya maji, iliyoikanyaga kila nyumba aliyoijua.

"Tangulia, bwana," akasema. "Nitakuja."

Kiboko akaenda, bwaa, bwaa, mbiombio kuliwahi dimbwi lake. Kaa alibaki akimtazama mpaka akawa doa, na doa likaisha.

"Mama," aliuliza binti yake, "huko kwenu kulikuwa kuzuri hivyo kweli?"

"Wapi," alisema Kaa. "Nilikuwa namdanganya tu."

Akarudi ufukweni, akaanza kuchimba upya shimo lililobomoka.

Basi wenzangu, fundisho ndilo hili: ukitaka kujua kama kisiwa kinafaa kwa mbizi, muulize anayeishi pale. Huyo hana hila, wala hakumbuki kwao.

Hadithi yangu imezama hapo. Mwenye pumzi na aizamie.