Majina Yasiyoonekana Saa za Kazi

Shauri Namba Arobaini na Moja la Diwani Kuu ya Darimani, Kuhusu Ombi la Mtu Mmoja Kuruhusiwa Kutazama Jua Likichomoza, Nje ya Saa za Kazi.

Ndivyo lilivyoandikwa kwa wino mwekundu juu ya jalada, katika enzi za Sultani Zahrani bin Ghalibu, mtawala wa mji wa Darimani na milima yake saba, ambayo ukiihesabu ni mitano, lakini saba ndiyo iliyotiwa muhuri. Na Sultani huyu alikuwa mtu mwema na mpole wa kauli, na hakuwa na upungufu ila mmoja, nao si wake bali wa itifaki: tangu kuzaliwa hakuwahi kuliona jua likichomoza, kwa kuwa babu yake alipitisha amri kwamba haifai jua limkute Sultani amesimama, watu wakadhani alikuwa akilingoja.

Nje ya mji, mwendo wa saa moja kwa nyumbu, palikuwa na magofu ya hekalu la watu wa kale, walioliabudu jua kabla hawajafikiwa na habari nyingine, Mungu awasamehe. Paa lilikwisha anguka na nguzo zimelala huku na huku kama walevi, na kilichobaki wima ni ukuta mmoja mrefu unaotoka mashariki kwenda magharibi, na katikati yake mlango, na juu ya mlango boriti ya jiwe ambayo ndovu sita wasingeiinua. Na Waziri Sufiani akayatamani mawe yale ayajengee hamamu ya kuogea.

Sasa sheria ya Darimani isiyopindika ilikuwa moja tu: jiwe lenye jina lina mwenyewe, na jiwe lisilo na jina ni la serikali. Kwa hiyo katika miaka thelathini makarani saba walikwenda kuukagua ukuta ule, na wote saba wakaandika neno moja, nalo ni "Mtupu." Wa kwanza wao alikuwa kijana mwenye bidii aitwaye Sufiani, ambaye sasa ndiye Waziri.

Mwenye ombi alikuwa Bi Mize binti Kheri, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyewatembeza wageni katika magofu yale kama mama yake na bibi yake, na kibanda chake kiliegemea ukuta huohuo. Aliposikia habari ya hamamu alileta barua ya mistari miwili: aje karani mmoja, alfajiri, peke yake, kwani wakiwa wawili hupiga soga. Barua ile ikasafiri ofisi kwa ofisi kuliko wafanyabiashara. Diwani ya Maji ikajibu kwamba jua si maji. Diwani ya Moto na Taa ikajibu kwamba jua halijasajiliwa. Kadhi akajibu kwamba yeye hana neno, mradi lisisujudiwe. Na baada ya miezi minane ikatua juu ya mkeka wa Dahmani bin Faki, karani wa daraja la nne, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akilingojea daraja la tatu.

Waziri akamwita, akamwambia, "Kijana, hamali na nyundo zao wanasubiri jalada hili tu. Nenda, tazama, rudi, andika neno moja. Unalijua?"

"Mtupu, Mheshimiwa."

"Mashallah. Ukiliandika vizuri kama ulivyolitamka, Ijumaa utavaa kilemba cha daraja la tatu. Ukiandika jingine, utakuwa umewakanusha makarani saba, na karani anayekanusha daftari asithibitishe, unajua hukatwa nini."

Dahmani akautazama mkono wake wa kulia, ambao alikwisha uzoea, akainama, akatoka.

Akafika magofuni nyota bado ziko juu, akamkuta Bi Mize amesimama na fanusi.

"Umechelewa, bwana karani."

"Jua bado, bibie."

"Jua halichelewi. Ndiyo maana nasema wewe. Vua viatu."

"Kwani ni ibada?"

"Ibada gani? Sakafu ina mashimo, na mguu mtupu una akili kuliko kiatu."

Wakaenda, yeye mbele na Dahmani nyuma, kati ya nguzo zilizolala, na Bi Mize akamwonyesha hiki na kile kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtembeza mgeni nyumbani kwake watoto wamelala. Mbele ya shimo kubwa ukutani akainua fanusi, na ndani yake popo wakajikunyata.

"Hapa palikuwa na jina la mfalme aliyeamuru hekalu lijengwe, limechongwa kina cha shubiri. Aliyemfuata akalifuta akaweka lake. Aliyemfuata huyo naye akalifuta hilo. Wafalme tisa, bwana, na faida wamepata popo."

"Na sehemu nyingine yote ya ukuta, kuna nini juu yake?"

Bi Mize akampisha. Dahmani akapitisha mwanga wa fanusi mbele ya jiwe, akatazama, akatazama tena, na moyo wake ukafarijika na kuhuzunika kwa pamoja, kwa sababu ukuta ulikuwa laini na mweupe kama yai.

"Mtupu," akasema.

"Saba wamesema hivyo. Kaa, unywe kahawa."

Wakakaa juu ya nguzo iliyolala, wakanywa kahawa ya tangawizi, na mashariki pakaanza kupauka, na baridi ikawa kali kama inavyokuwa kabla ya kushindwa. Ndipo jua likatoa ukingo wake, na mwanga wa kwanza ukaja umelala chini, ukaupitia ukuta ubavuni kama kiganja kinachopapasa kitambaa. Na ukuta ukaota maandishi. Kila mkwaruzo uliokuwa haushikiki hata kwa kucha ukatupa kivuli chake, na kila kivuli kikawa herufi, safu juu ya safu, toka mlangoni hadi mwisho, jiwe baada ya jiwe.

"Majina," akasema Bi Mize. "Mia tatu na kumi na mbili. Herufi hizi mama alinifundisha kabla ya kunifundisha kupika, na kupika bado. Andika upesi, yanakaa mpaka jua lipande urefu wa mkuki mmoja tu."

Dahmani hakuwa na daftari, kwa kuwa daftari la Diwani ni mwiko kutoka nje ya Diwani. Akatoa kalamu na kidau cha wino, akakunja pindo la kanzu yake juu ya goti, Bi Mize akasoma kwa kidole na yeye akaandika.

"Na wewe ni wa Diwani?" ikauliza sauti juu ya mlango.

Dahmani akainua macho, akaona kivuli cha boriti kina mabega, na juu ya mabega kichwa, na katika kichwa macho mawili yaliyochoka.

"Usikimbie," akasema Bi Mize. "Huyu ni Tarmushi. Ni jini, lakini ana adabu. Husema jua likiwa chini tu."

"Ewe bin Adamu," likasema jini, "mfalme mwenye pete ya kuamuru majini alinileta hapa kunyanyua mawe. Akatoa amri lichongwe jina lake peke yake. Basi waashi wakachonga yao kwa ncha ya patasi, juujuu, na wasimamizi wakapita kila siku wasione, maana wasimamizi walikuja adhuhuri, chini ya miavuli."

Dahmani akaona aibu, kwa kuwa na yeye alikuwa na mwavuli, umefungwa kwenye tandiko la nyumbu.

"Pete iko wapi?"

"Ilipotea. Hata mfalme alipotea. Kinachoniweka hapa si pete. Siku ya mwisho tuliiweka boriti hii, na fundi wake, jina lake Kedu, mtu mfupi, mcheshi, akaniambia: 'Tarmushi, ndugu yangu, nishikie hii. Nakwenda mara moja kuandikisha jina langu daftarini, ijulikane kwamba mlango huu ni kazi yangu. Narudi sasa hivi.'"

"Kisha?"

"Wakamwambia aje kesho. Akaja kesho, wakamwambia aje kesho. Nilisikia kwa ndege kwamba alizeekea barazani kwao. Na mimi nilikubali kushika, na nikiachia itaanguka, na majina yote yatakwenda nayo."

Dahmani akasema kwa haraka, "Limekwisha andikwa! Hili hapa, la tisa, Kedu."

Jini likatazama chini kwa upole. "Alisema daftarini. Pindo si daftari."

Jua likapanda mkuki mmoja, kivuli kikawa kivuli tu, na ukuta ukawa mweupe kama yai.

Dahmani akarudi mjini juu ya nyumbu, na kilichomla si jini, maana majini ameyasikia tangu utotoni, bali neno lile "kesho." Akajaribu kuhesabu watu aliowaambia yeye mwenyewe waje kesho, katika miaka kumi na mmoja, wakiwa na nyuso zao na vyeti vyao vilivyokunjwa mara nne, na hakukumbuka jina hata moja. Akakaa mkekani, akayatoa majalada saba ya wakaguzi saba, akayasoma mpaka jua likatua.

Siku ya tatu Sultani alikaa barazani, na shauri likaitwa. Waziri akasema, "Maulana, ni jambo dogo. Karani atatamka neno, hamali wataanza."

Dahmani akapiga goti.

"Maulana, Mungu akupe umri. Ukuta una majina mia tatu na kumi na mbili."

Mpepeaji akasahau kupepea.

"Huyu anawakanusha makarani saba!" akasema Waziri. "Wamo watu walioheshimika! Nimo mimi!"

"Sikukanushi, Mheshimiwa. Nakusoma." Na Dahmani akayapanga majalada saba juu ya zulia. "Katika kila taarifa mna nafasi ya kuandika saa, kama kanuni inavyotaka. Yako, Mheshimiwa, ni saa nne. Hii saa sita. Saa tano. Saa sita na nusu. Saa tisa. Saa nne tena. Na hii saa tano, 'baada ya chakula.' Diwani hufunguliwa saa mbili, Maulana. Ukuta huandika saa kumi na mbili. Kwa miaka thelathini tumekuwa tukifika mwenyewe amekwisha toka."

Sultani akazichezea shanga za tasbihi.

"Na nikitaka kuyaona mimi?"

"Itabidi ulingoje jua, Maulana. Umesimama."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Waziri akasema kwamba amri ya babu yake Maulana i wazi, na kwamba mkono wa karani unaweza kukatwa leo bila kuvunja itifaki yoyote. Sultani akajibu, "Mkono upo, Sufiani. Hautatoroka. Kesho alfajiri. Na daftari lije."

"Daftari, Maulana, haliruhusiwi kutoka—"

"Basi na liombe ruhusa. Mimi nipo."

Kesho yake wakasimama mbele ya ukuta Sultani na Waziri na Dahmani na Bi Mize, bila mwavuli, miguu mitupu. Na mashariki pakatanda wingu zito kama godoro. Pakapambazuka bila jua. Ukuta ukabaki mweupe. Waziri akaanza kuimba puani, polepole. Dahmani akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

"Huwa hivi?" akauliza Sultani.

"Siku nyingine, Maulana," akasema Bi Mize. "Hapo huwa nawaambia wageni wangoje. Wasiojua kungoja hurudi nyumbani na kusema hapana kitu."

Sultani akangoja. Alikuwa hajazoea, na alikuwa akibadilisha mguu kama mtoto, lakini akangoja. Na chini kabisa ya wingu, penye ukanda mwembamba kama uzi, jua likachungulia, na mwanga ukalala chini ukaupapasa ukuta, na majina yakatoka yote kwa mpigo. Na Sultani Zahrani, aliyekuwa na majina yake kumi na manne juu ya kila lango la mji, akayatazama yale ya waashi, na macho yake yakalowa, na baadaye akasema ni vumbi.

"Upesi," akanong'ona Bi Mize. "Jiwe la mlango."

Dahmani akafungua daftari, akaandika: Kedu, fundi, mwenye boriti hii. Sultani akagonga muhuri kwa mkono wake mwenyewe.

"Tarmushi," akasema Dahmani, "amekwisha andikishwa. Na utusamehe, tumechelewa."

Waziri akaruka nyuma hatua kumi, na Sultani tano, kwa kuwa kivuli kile kilijinyoosha, mabega yakatoka chini ya boriti taratibu, kidogo kidogo, mikono ikiwa bado imetandazwa kuidaka. Boriti haikutikisika. Hata punje ya mchanga haikudondoka. Jini likaitazama kutoka chini, likaizunguka, likaichungulia pembe zake, na ikawadhihirikia wote kwamba jiwe lile lilikuwa limekaa mahali pake sawasawa, peke yake, tangu siku ya kwanza.

"Miaka elfu mbili," likasema jini. Kisha likacheka, kicheko cha mtu anayelia. "Kumbe alikuwa fundi kweli." Na likaondoka na mwanga.

Hamamu ikajengwa kwa matofali. Waziri akapewa nishani. Dahmani hakupewa daraja la tatu, bali aliundiwa cheo cha Karani wa Macheo, chenye saa za kazi za muda wa mkuki mmoja, na kwa kuwa majina tisa tu huandikika kwa asubuhi moja, akawa akipanda magofuni kila alfajiri, na kahawa ikiwa tayari, na kabla majina hayajafika mia wakafunga ndoa. Utajiri wao ulikuwa kibanda, nyumbu, na asubuhi zote. Na mwenye kutafuta funzo na ajiulize ni nani aliyeambiwa aje kesho.

Daftari la Darimani linasema kwamba maandishi ya hekalu yaligunduliwa katika ziara rasmi iliyoongozwa na Mheshimiwa Waziri Sufiani.

Kilichotokea ni kwamba Bi Mize aliomba mtu aje alfajiri, na Dahmani akaenda.