Jina Nililoliongeza

Kilichosambazwa kwa kidole hukusanywa kwa miguu.

Methali hii mmeisikia gulioni leo, wajukuu zangu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ilikotoka. Ilitoka hapa hapa Kwamboza, nami sikusimuliwa. Aliyekosa ni mimi.

Nilikuwa nimestaafu ualimu. Bibi yenu alikwisha fariki, na simu ndiyo iliyokuwa ikizungumza nami mchana kutwa. Siku moja nikapokea sauti ya mwanamume nisiyemjua, akisema kuna maziwa yanayotiwa dawa ya kuhifadhia maiti ili yasichache, na watoto wanaumwa. Nilikuwa nimesikia kwamba mtoto mmoja wa bondeni anatapika. Nikaunganisha mambo hayo mawili. Muuza maziwa wetu alikuwa mmoja tu, Namsifu, mjane mwenye ng'ombe watatu. Nikaandika chini ya ile sauti: "Tujihadhari na maziwa ya Namsifu." Nikatuma kwenye kikundi cha kanisa, cha ukoo na cha wanafunzi wangu wa zamani. Nilijiona nimetenda wema.

Kufika Jumapili, hakuna aliyenunua hata kikombe. Namsifu alikaa njia panda, dumu limejaa mbele yake, watu wakikatiza mashambani ili wasimsalimu. Jioni aliyamwaga maziwa migombani. Kanisani alikaa peke yake kwenye benchi la watu sita. Nilimwona. Nikainamia kitabu changu cha nyimbo.

Mwezi uliofuata alikuja mtafiti wa chuo kikuu, Mwajabu Shekiondo, aliyekuwa akichunguza jinsi habari za uongo zinavyoenea kwenye simu. Alimwuliza kila mtu swali moja: "Ujumbe huu alikutumia nani?" Kisha akamfuata aliyetajwa, akamwuliza vilevile. Ndivyo alivyofika mlangoni kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikaa, akafungua daftari. "Mama wa yule mtoto ameniambia ilikuwa malaria. Maziwa ya Namsifu tumeyapima, hayana kitu. Na ile sauti ni ya miaka minne iliyopita, Mwalimu, tena haimtaji mtu. Jina linaanzia kwako."

Nikaichukua simu. "Nitatuma masahihisho leo hii."

Nikatuma. Baada ya wiki mbili akarudi. "Uongo ulipita vikundi thelathini na kimoja," aliniambia kwa upole. "Masahihisho yako yamekwama katika vile vitatu vyako. Walioogopa walituma mbio. Waliotulia hawakumwambia mtu."

"Sasa nifanyeje?"

"Waliamini kwa sababu ni wewe uliyesema. Basi wakuone, wakusikie."

Nikachukua fimbo. Nilipita nyumba kwa nyumba, mlima hadi mlima, nikisema maneno yale yale: "Nilimsingizia Namsifu. Nimekosa." Wengine walinikaribisha chai. Wengine walisema, "Lisemwalo lipo," wakafunga mlango. Wapo walioniuliza Namsifu amenipa nini. Njiani hakuna aliyefuatana nami. Nilianza mahindi yakipandwa, nikamaliza yakivunwa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Namsifu mwenyewe. Zizi lilikuwa tupu. Alikuwa barazani akichambua maharage, nami nikasema yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakunipa kiti.

"Umepita nyumba ngapi?" aliuliza.

"Mia moja na kumi na mbili."

"Na yangu ukaiweka ya mwisho."

"Niliona aibu, mama."

Hakuinua macho. "Ulisambaza kwa kidole, Mwalimu. Kusanya kwa miguu. Bado hujamaliza."

Maneno hayo jirani aliyasikia, na kufika msimu wa pili yalikuwa midomoni mwa watu wote. Wateja nao walianza kurudi njia panda na vikombe vyao, lakini hawakumkuta. Alikuwa amehamia kwa kaka yake, Korogwe.

Nimemfuata huko mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa hayupo, nami nikaisikia sauti yake uani. Mara ya pili alitoka, akanitazama, akarudi ndani. Mara ya tatu alinipa kiti. Tulikaa mpaka jua likapinduka, hatukusemezana neno, nikaaga.

Kwa hiyo mkiisikia tena, msicheke. Kilichosambazwa kwa kidole hukusanywa kwa miguu. Miguu yangu imezeeka, wanangu, na kesho kutwa nakwenda Korogwe.